Ushuhuda wa Walokole: Kutoka Kulipa Hadi Kusimulia

Agizo la Yesu kwamba mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake, lililomo katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, lilihubiriwa Afrika Mashariki tangu enzi za wamisionari wa kwanza, lakini ni Uamsho wa Rwanda na Uganda uliowafanya waumini wa kawaida walitimize hadharani, mbele ya majirani na waajiri wao. Chanzo chake hutajwa kuwa kukutana kwa daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929. Kutoka hapo vuguvugu lilishika katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, likafika Kabale mwaka 1935 na Kenya mwaka 1937, kisha likavuka hadi Buhaya, Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa walokole, yaani watu waliookoka, jina la Kiganda ambalo wengi walilitamka kwa kejeli.

Msingi wa maisha yao ulikuwa kutembea nuruni, maana yake kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya wenzao na kutoificha tena. Toba hiyo iliambatana na kurudisha: aliyechukua blanketi la hospitali alilirudisha, na kama kitu kilikuwa kimekwisha tumika alilipa thamani yake, kwa kufuata mfano wa Zakayo mtoza ushuru.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyelelewa na wazazi walokole huko Buhaya, alishuhudia utaratibu huo ulipokuwa bado na nguvu. Katika mkutano mmoja wa jioni, karani aliyekuwa akipima kahawa za wakulima alikiri kwamba msimu uliopita aliwapunja baadhi yao kwenye mizani, akamtaja mmojawapo, mzee aliyekuwa ameketi benchi la nyuma. Hakuna aliyepiga makofi wala kuanzisha wimbo; kiongozi alimwuliza tu, "Ndugu, umekwisha kumlipa?" Karani alijibu kwamba bado, na wimbo ulingoja hadi mkutano uliofuata, mzee alipothibitisha mwenyewe kwamba fedha zimefika.

Si haki, hata hivyo, kuyasifu ya zamani bila kuyapima. Katika baadhi ya vikundi viongozi waligeuka mahakimu, wakawadai watu, hasa wanawake, maungamo ya mambo ya ndani ambayo kesho yake yalizagaa kijiji kizima, na wako walioliacha kundi kwa aibu ambayo haikustahili kuwa yao. Lakini nidhamu hiyohiyo ndiyo iliyowaandaa walokole kwa majaribu makubwa zaidi. Wakati wa vita vya Mau Mau, vilivyoanza mwaka 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo na wakakataa vilevile kushika silaha upande wa serikali, wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mlokole, kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere alikimbia Uganda, akaandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin.

Mabadiliko yalikuja polepole, na uhamaji wa kwenda mijini ulichangia sana, kwa kuwa aliyekosewa alibaki kijijini na aliyekosa akapata kusanyiko la watu wasiomjua. Ushuhuda, yaani simulizi la mtu kuhusu alivyookolewa, ulihamia kwenye majukwaa na vipaza sauti, ukapata mtiririko unaofahamika: msemaji alikuwa mlevi au mwizi, Bwana akamtoa huko, na sasa amebarikiwa. Msikilizaji makini atagundua kwamba katika simulizi hilo wizi umetajwa lakini aliyeibiwa hayumo, na baraka zinazohesabiwa huenda ni pamoja na mali yake.

Kosa hapa si la wasimuliaji pekee, bali pia la makanisa yaliyofuta mabaraza ya maungamo kwa sababu nzuri na kusahau kumwekea aliyedhulumiwa mahali pengine pa kusikilizwa. Katika sharika nyingi za mijini swali la kiongozi yule wa Buhaya haliulizwi tena na mtu yeyote, na madeni hayajalipwa.