Mwamini Anayekesha Kando Yako

Pangani, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Mguu wa mama yako umepata nafuu. Nimeshika kalamu kwa jambo ambalo sikutaka kukuambia kwa simu ukiwa njiani na lori.

Mkeo alipokuja kumjulia hali mama yako, alikaa nami barazani akaniambia kwamba usiku halali. Unakoroma kwa kishindo, kisha kimya. Yeye huanza kuhesabu. Amewahi kufika 25 kabla hujagutuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Akikueleza asubuhi, unamjibu kwamba ulilala usingizi wa pono na kwamba anakusingizia. Usimkasirikie kwa kuniambia. Mimi nami nilimbishia mkazamjomba wako miaka mingi, na ni yeye aliyeniokoa.

Nilikuwa nikisinzia barazani mchana, nikasinzia hata msikitini hotuba ya Ijumaa ikiendelea. Usiku niliamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, nikadhani ni uzee. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito na mdomo mkavu. Presha haikushuka japo nilimeza dawa za aina tatu. Majirani walisema nakabwa na jinamizi. Kwenye kituo kimoja cha afya nilipewa vidonge vya usingizi, hali ikazidi kuwa mbaya, kwani vidonge vya namna hiyo, sawa na pombe, huweza kulegeza zaidi misuli ya koo.

Mwishowe nikampata daktari aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Unalala na nani chumbani?” Akaagiza mkazamjomba wako aitwe, akamsikiliza yeye kabla yangu.

Alitueleza hivi. Mtu akilala, misuli hulegea. Kwa mwenye maradhi haya, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa huziba njia ya hewa. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inapungua katika damu, ubongo unashtuka na kumgutusha, anavuta pumzi na kulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Pumzi ikikatika au kufifia kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa. Chini ya mara 5 kwa saa si neno. Kuanzia 15 ni ugonjwa wa wastani. Kuanzia 30 ni mkali. Nilipopimwa usiku mmoja, nikiwa na kifaa kidoleni, mkanda kifuani na mrija puani, nilikutwa na 41. Maana yake, kila dakika moja na nusu hivi nilikuwa nikikabwa kitandani mwangu. Moyo unaoteswa hivyo kila usiku huleta presha, mapigo yaliyovurugika na hata kiharusi.

Wewe ni mtu wa magari, utanielewa. Tairi likikosa upepo hubonyea. Koo langu nalo lilikuwa likibonyea. Dawa yake ni mashine ndogo inayokaa kando ya kitanda na kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani, koo likabaki wazi usiku kucha. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza tiba hiyo mwaka 1981. Sitakuficha: wiki ya kwanza niliivua kila usiku. Barakoa ilikuwa kubwa, hewa ikavuja hadi machoni. Nilirudi wakanibadilishia, nikazoea. Kabla ya miezi miwili kwisha nilikuwa naamka kwa adhana bila kutikiswa, na presha ikaanza kutii dawa. Mashine hiyo bei yake si ndogo na inahitaji umeme, kwa hiyo waulize watu wa bima mapema, na uulizie betri.

Si kila mgonjwa hupewa mashine. Wapo wanaopata nafuu kwa kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe, wengine kwa kifaa cha meno kinachovuta taya la chini mbele, wengine kwa kutolewa tezi za koo. Wala usijidanganye kwamba ni maradhi ya wanene peke yao. Wembamba wanayo, wanawake wanayo, hata watoto.

Sasa lile lililonikosesha raha. Mkeo ameniambia kwamba utingo wako alikuwahi kwenye usukani karibu na Mikumi, macho yako yamefumba. Mbele yako ulikuwepo mlima wa Kitonga. Kahawa na dirisha wazi havimalizi usingizi wa aina hii, kwa sababu usiku wako haukuwa usingizi. Najua unamwogopa tajiri, kwamba akisikia una maradhi atampa gari mtu mwingine. Lakini dereva aliyetibiwa hurudi barabarani akiwa macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chake kinaweza kuchukua abiria wa basi linalokuja mbele yake.

Nakuomba kama mjomba wako, safari ya Tunduma ya wiki ijayo mwachie mwenzako. Nenda hospitali ya mkoa, umwone daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua, mwambie unataka kupimwa pumzi usingizini. Mwambie umri wako, presha yako, na kwamba unasinzia ukiendesha. Mengine huyajui, kwa kuwa yanatokea umelala. Mchukue mkeo, na mkifika mbele ya daktari, mwache yeye aanze kueleza.

Wasalaam,
Mjomba wako