Kunakili ni shule, kufuta jina ni wizi

Leo naweka msimbo kando kidogo niwaeleze ugonjwa wangu mwingine: kamera za zamani za filamu, zile ambazo hazitumii betri hata moja. Msikimbie! Tutarudi kwa mambo yetu ya programu, kwa sababu kamera hizi zimenifunza kuhusu leseni kuliko yale makaratasi marefu tunayobofya “Nakubali” bila kusoma.

Kwa wale wasiozijua, nazungumzia kamera za renjifainda, yaani zenye kipima-umbali ndani yake. Mbele kuna vidirisha viwili vilivyoachana kwa sentimita chache. Ukichungulia kwa nyuma unaona kitu kimoja mara mbili, kama mtu mwenye kizunguzungu. Ukizungusha lenzi, taswira moja inasogea polepole hadi inakaa juu ya nyingine. Zikilingana, piga, picha itatoka kali. Ni hesabu ya pembetatu tu: nafasi kati ya vidirisha inajulikana, pembe inapimwa kwa kioo au prizimu inayogeuka, umbali unapatikana. Hesabu yenyewe inafanywa na vyuma, hakuna prosesa.

Mwanzo wa hadithi ni Oskar Barnack, aliyefanya kazi katika kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Leica yake iliingia sokoni mwaka 1925, na mwaka 1932 ikaja Leica II, ambayo kipima-umbali chake kimeunganishwa na lenzi. Ilikuwa ndogo, imara, na ghali. Na kitu kizuri kikiwa ghali mnajua kinachofuata: watu wanatafuta bisibisi.

Jijini Tokyo, Goro Yoshida alifungua Leica akaichunguza kipande kwa kipande. Mwaka 1934 yeye na wenzake wakawa na kamera ya majaribio iitwayo Kwanon. Kampuni yao ndiyo leo tunaiita Canon.

Huko Kharkov nchini Ukraine, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kulikuwa na makao ya vijana waliookotwa mitaani baada ya miaka ya vita na njaa. Sisi hapa Nairobi tungewaita chokoraa. Chini ya mwalimu Anton Makarenko walisoma nusu ya siku na kufanya kazi za kiwandani nusu nyingine. Makao yalibeba jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri, na ndipo kamera yao ikaitwa FED, herufi za mwanzo za majina yake. Ilikuwa nakala ya Leica II, na mwaka 1934 ilikuwa ikitengenezwa kwa wingi. Mwaka 1948 kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, nacho kikaanza kuunda kamera hiyo. Zake zikapata jina la Zorki, maana yake mwenye macho makali.

Ni kweli, hawakuomba ruhusa kwa Wajerumani. Lakini FED haikujificha. Jina lake limechongwa juu, kila mtu alione. Vijana waliofukuzwa kila kona walitengeneza mashine inayopima umbali kwa usahihi, wakaweka jina lao.

Sasa njoo kwa matapeli. Miaka mingi baadaye kuna watu wamechukua FED na Zorki, wakasugua maandishi ya Kirusi, wakachonga “Leica”, wakapaka rangi ya dhahabu na kuongeza alama za jeshi la Ujerumani la wakati wa vita. Mwenzangu mmoja kazini aliona moja kama hiyo kwenye tovuti ya mnada. Alikuwa tayari kutuma shilingi 80,000, pesa aliyokuwa ameweka kwa ajili ya karo ya muhula wa mwisho wa dada yake. Hesabu yake ilikuwa ainunue, aiuze kwa faida, karo ilipwe na chenji ibaki.

Nikamwambia, ndugu yangu, mwombe muuzaji afungue lenzi apige picha ya ndani. Mle juu kuna kipande kinachoguswa na lenzi ili kuendesha kipima-umbali. Kwa Leica ya kweli utaona kigurudumu kidogo. Kwa FED na Zorki za mtindo huo ni ulimi wa chuma. Picha ilikuja: ulimi. Karo ikalipwa, na dada mtu hajui hadi leo jinsi ilivyoponea chupuchupu.

Sisi waundaji programu tunaujua mchezo huu. Wamebadilisha kiolesura, msimbo wa ndani ni ule ule. Ndiyo maana nazipenda leseni kama MIT na BSD. Zinasema: chukua, badilisha, hata uuze ukitaka, lakini ilani yenye jina la aliyeandika ibaki palepale. Wengi tulijifunza kazi hii kwa kunakili msimbo wa watu. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kufuta mstari ule wa juu.

Mimi nina moja ya hizo “Leica” rafuni. Niliinunua kwa bei ya chini nikijua ni bandia, kwa kuwa shata yake inafanya kazi na nilitaka kuona ndani. Nimeitafuta asili yake bila mafanikio. Namba halisi ilisuguliwa pamoja na jina, kwa hiyo siwezi kusema kama ni FED au Zorki, wala ni ya mwaka gani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko dhahabu ya uongo. Kuna mtu alikaa mezani akakaza skrubu hizi, na alama yake yote imeondolewa ili kifaa kiuzwe kwa jina la mwingine.

Nimeshapata mteja aliyetaka kuinunua bila maswali. Sikumuuzia. Nimeifungua chini nikabandika kikaratasi, kama tunavyoandika maoni ndani ya msimbo: “Hii si Leica. Iliundwa Muungano wa Kisovieti. Jina limefutwa na wengine.” Atakayeifungua baada yangu atakisoma, na bado itampigia picha nzuri tu.

Haya, kesho tunarudi kazini. Na ukinakili, acha jina.