Ngazi za Batu na Mungu Aliyeshuka

Wako Wakristo wanaosema kwamba mguu wa mchungaji haupaswi kukanyaga hekalu la miungu mingine, hata kwa matembezi. Wengine husema jengo ni jengo na mtalii ni mtalii. Sisi wachungaji wanne tuliokwenda Malaysia kwa mkutano wa kanisa tulijikuta katikati ya maneno hayo mawili, siku tuliyopewa kupumzika, mbele ya mapango ya Batu.

Mapango hayo yako kaskazini mwa jiji la Kuala Lumpur, katika kilima cha mawe ya chokaa. Kwanza unaiona sanamu ya Murugan, mungu anayeheshimiwa sana na Watamil. Ina urefu wa mita 42.7, ina rangi ya dhahabu, na imeshika mkuki. Kando yake zinapanda ngazi zenye vidato 272, zilizopakwa rangi nyingi mwaka 2018. Mababu wa wengi wanaosali pale walitoka kusini mwa India wakati wa utawala wa Waingereza, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mpira na kwenye reli. Ibada pangoni zilianza mwishoni mwa karne ya 19. Hadi leo sikukuu ya Thaipusam, inayoangukia Januari au Februari, huwaleta hapo watu mamia ya maelfu, wengi wakiwa wamebeba vyombo vya maziwa kutimiza nadhiri.

Tulipanda polepole, kwa maana magoti yetu si ya vijana tena. Tumbili walikuwa wakiwanyang'anya watu vyakula, na watalii walisimama kila mara kupiga picha. Mbele yetu alipanda baba mmoja, pekupeku, amebeba mtoto mchanga aliyenyolewa kichwa na kupakwa liwa. Mkewe alimfuata nyuma. Hawakujali tumbili wala watalii. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ameinua simu yake aliishusha. Hatukujua habari za mtoto yule, lakini sura ya mzazi anayekuja kushukuru tunaifahamu. Tunaiona mbele ya madhabahu zetu kila siku ya ubatizo.

Huko juu pango linafunguka, pana na refu kwenda juu, na mwanga unaingia kupitia tundu kwenye mwamba. Ngoma na zumari zililia katika hekalu dogo. Kuhani alipita na sinia yenye moto na majivu, na waabudu wakapitisha viganja juu ya moto, wakapaka majivu kwenye paji la uso. Alipotufikia, tuliweka mikono kifuani, tukainamisha vichwa kidogo kwa salamu, wala hatukupokea. Akatabasamu, akaenda kwa wengine. Amri ya kwanza ilishikwa, na jirani hakutukanwa.

Tuliporudi nyumbani na washarika kuziona picha zetu, mzee mmoja wa kanisa alituuliza, "Wachungaji, mlifuata nini kwenye sanamu?" Ni swali la haki. Tulimjibu kwamba Paulo naye aliumia rohoni alipoona Athene imejaa sanamu, lakini alitembea mjini na kuziangalia vizuri hata akasoma maandishi ya madhabahu moja. Mahubiri yake katika Matendo ya Mitume 17 yalianzia hapo. Tulimtajia pia Bartholomäus Ziegenbalg, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706. Alijifunza Kitamil, akatafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo, na akaandika kitabu juu ya miungu ya watu wale. Viongozi wake Ulaya hawakukifurahia; kikachapishwa mwaka 1867, yeye akiwa amelala kaburini karibu miaka 150. Mzee alisikiliza, kisha akasema, "Basi mtufundishe, msituonyeshe picha tu."

Mafundisho yenyewe ndiyo haya. Martin Luther, akiwa mtawa kijana, alikwenda Roma akapanda kwa magoti Ngazi Takatifu zenye vidato 28, akisali Sala ya Bwana kwenye kila kidato kwa ajili ya babu yake. Baadaye alisimulia kwamba alipofika juu alijiuliza kama jambo lile lilikuwa kweli. Alipanda kwa jina la Kristo, ndani ya Kanisa, na bado hakuwa na hakika. Kwa hiyo tusimcheke anayepanda vidato 272. Msharika anayehesabu bahasha zake za ahadi kana kwamba anamdai Mungu, yuko ngazini. Yuko ngazini pia mama mwenye mgonjwa, anayehama mkesha hadi mkesha kwa sababu ameambiwa imani yake haijatosha. Hata mchungaji anayedhani Mungu humpenda zaidi mahubiri yakitoka vizuri, anapanda.

Injili inatuambia kwamba Mungu ameshuka. Katika Kristo alikuja hapa chini tulipo, akabebwa mikononi mwa mama, akafa msalabani, akafufuka. Katika ubatizo mtoto hapandi popote. Anabebwa, na kabla hajajua kushukuru ameshapewa. Hilo ndilo tungependa yule baba alisikie, na atalipokea kwa urahisi zaidi kutoka kwa mtu aliyemheshimu.

Nasi tuna majirani Wahindu. Mahekalu yao yako Dar es Salaam na katika miji mingine yetu. Tunanunua madukani mwao na kutibiwa na madaktari wao. Wakikualika arusini au ukasikia wamefiwa, nenda. Vua viatu wanapovua, kaa kwa adabu, usishiriki ibada isiyo yako, na usiidhihaki. Ukiulizwa kwa nini hukupokea majivu, jibu kwa upole, ukimtaja Yeye aliyeshuka. Mungu atupe imani isiyoyumba na macho yanayomwona mtu kabla ya kuona maajabu. Amina.