“Ako na kitu” haipandi jukwaani

Wasee, huu ubishi umetosha. Kwa kinyozi ni huo, kwa matatu ya Iten ni huo: kati ya Reynold Cheruiyot na Phanuel Koech, nani mkali zaidi kwa mita 1500? Mimi nasema Reynold. Kaeni chini niwaeleze, halafu mnitukane baadaye.

Nianze na Koech, maana sina chuki na kijana. Juni 2025 kule Paris, akiwa na miaka 18, alikimbia 3:27.72, rekodi ya dunia ya walio chini ya miaka 20. Mwezi uliofuata akaenda London akashinda kwa 3:28.82, na Josh Kerr wa Uingereza, bingwa wa dunia wa 2023, akiwa nyuma yake. Hapa Eldy tukaanza kumvisha medali ya Tokyo kabla hata ndege haijapaa. Septemba ikafika. Koech hakuingia fainali. Aliyerudi na shaba ni Reynold, kwa 3:34.25.

Sasa hapo ndipo watu wa namba wananijia. “Lakini 3:34 ni polepole!” Kweli, ni sekunde sita na nusu nyuma ya ile ya Koech. Lakini mbio zenyewe si moja. Zile za Paris na London zina waweka kasi, na kando ya uwanja kuna taa zinazokimbia kukuonyesha mwendo unaotakiwa. Unaingia kwa mstari, unafuata. Mashindano ya dunia hayana mtu wa kukuvuta. Unakimbia mara tatu ndani ya siku chache, unapigwa viwiko, mnatembeatembea halafu mtu mmoja anafyatuka bila kukuambia. Fainali ya Tokyo, Isaac Nader wa Ureno alishinda kwa 3:34.10, Jake Wightman 3:34.12, Reynold nyuma yao. Watatu wametenganishwa na sekunde 0.15! Hapo huulizwi muda wako bora ni gani. Unaulizwa ulikuwa umesimama wapi wakati kengele inalia.

(Ndio, najua mtanitajia David Rudisha, 1:40.91 kwa fainali ya Olimpiki ya London 2012 bila mweka kasi. Rudisha ni Rudisha. Mwacheni.)

Wale wa basketi hii hadithi mnaijua. 2018, Luka Dončić alikuwa na miaka 19 na tayari alikuwa bingwa wa EuroLeague na Real Madrid, tena mchezaji bora wa ligi hiyo. Hakuna gadi wa umri wake aliyekuwa amefanya nusu ya hayo. Siku ya kuchagua wachezaji wa NBA, Phoenix wakamchukua Deandre Ayton, Sacramento wakamchukua Marvin Bagley, sababu ati ni warefu, wanaruka, wakikomaa itakuwa balaa. Dončić akaenda wa tatu. Kitu alikuwa amekifanya tayari kikashindwa na kitu wengine wangekuja kufanya labda.

Na sisi tuko na yetu ya nyumbani. Rekodi ambayo Koech alivunja ilikuwa ya Ronald Kwemoi: 3:28.81, Monaco, 2014. Kwemoi naye alikuwa na miaka 18, na naye tuliambiwa ako na kitu. Alikuwa nacho kweli. Medali yake ya kwanza ya Olimpiki ilikuja Paris 2024, fedha, kwa mita 5000. Hesabuni wenyewe. Miaka kumi, na hata si mbio zile tulizomtabiria. Hiyo miaka kumi hakuna mtu huitaja akimsifu kijana wa miaka 18.

Mtasema inanihusu nini, mimi wa kushika simu na kuongea. Inanihusu kwa sababu ya binamu yangu. Amekuwa kambini tangu amalize shule. Si jina mnalolijua, lakini akipewa kazi anamaliza: ameshinda mbio za barabarani nje, mara kadhaa amekuwa kwenye kumi bora hapa nchini, ambapo kumi bora si mchezo. Alipofika miaka 26 aliambiwa atoe kitanda. Akaingia kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kushinda kitu nje ya mashindano ya shule. Kocha akamwambia, “Wewe tunakujua, huyu bado hatujui atafika wapi.” Yaani kujulikana ndio ikawa kosa!

Ukweli ni kwamba kijana wa miaka 17 ni bei rahisi. Mkataba wake mdogo, haulizi maswali, na akichanika msuli kuna wengine ishirini pale barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Ndio maana hilo neno linapendwa. Ukimlipa mtu kwa alichofanya, lazima utoe pesa leo. Ukimsifu kwa atakachofanya, unatoa viatu na ahadi.

Na kijana mwenyewe hafaidi. Mwangalieni Emmanuel Wanyonyi. Bingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 hapo Kasarani 2021. Eugene 2022, nambari nne. Budapest 2023, fedha. Paris 2024, dhahabu kwa 1:41.19, Tokyo 2025 dhahabu tena. Ile nambari nne mnaikumbuka? Kwa maneno ya mtaani mwaka ule alikuwa “ameisha”. Alikuwa na miaka 17.

Kwa hivyo timu ikitajwa leo na nafasi ni moja, nampa Reynold, na Koech akinipita hapa Zion Mall nitampungia mkono kama kawaida. Binamu yangu saa hii anaweka kasi. Anavuta wengine mpaka mahali alipopatana nao, anatoka kando, analipwa. Yule kijana aliyechukua kitanda chake humpigia simu kumuuliza vile mtu hukimbia mzunguko wa mwisho.