Nilijificha Nisionekane Nikipona

Sikukosa msaada. Nilijua uliko. Ulikuwa katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa letu hapa Umoja, Nairobi, mwendo wa dakika 10 kutoka mlangoni kwangu, kila Alhamisi saa 12 jioni. Sikwenda, kwa sababu niliogopa kuonekana.

Nilikuwa karani wa ghala, baba wa watoto wawili, na kwa miaka 9 pombe ndiyo iliyonipangia siku. Mke wangu aliliona tangazo la AA, kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, kwenye ubao wa kanisa, akanakili siku na saa nyuma ya risiti ya duka. Akaniambia, "Baba Neema, hapa ni karibu. Hata mvua ikinyesha utafika." Nikamjibu kwamba kundi zuri liko Kangemi, upande wa pili wa jiji. Halikuwa zuri kuliko hili. Lilikuwa mbali tu, na kule hakuna aliyenijua.

Kangemi nilipokewa vizuri. Hakuna kiingilio, sharti ni uwe na nia ya kuacha kunywa. Unataja jina lako la kwanza, unasikiliza, na ukitaka unasema. Nilikaa siku 34 bila kuonja pombe. Mzee mmoja wa kundi aliponiuliza ninakoishi, alitikisa kichwa. "Ndugu yangu, huko kwenu kundi lipo. Ukizidiwa usiku, mimi nitakufikia saa ngapi?" Nikamwambia nitakwenda kuliona. Nilimdanganya.

Safari ilikuwa ya matatu mbili, na kati ya steji moja na nyingine nilipita River Road kwa miguu, baa kulia, baa kushoto, muziki ukitoka milangoni. Kila Alhamisi nilikwenda kutafuta nguvu za kutokunywa kwa njia iliyonilazimu kuwa nazo nguvu hizo kabla sijafika. Mwezi wa Aprili mvua ikanyesha, magari yakasimama, nikaingia barazani kwa baa kujikinga. Kisha nikaingia ndani. Nikaagiza.

Nilikunywa miezi 5. Kazi ikaisha. Shilingi 28,000 za karo ya Neema nilizimaliza mimi, akaripoti shuleni wiki 3 baada ya wenzake. Mke wangu alikwenda kwa mama yake, akakaa huko mwezi mzima.

Asubuhi moja katika mwezi huo mlango ulibishwa. Alikuwa mtoto wa jirani, wa miaka kama 8, ameshika kiatu changu cha kushoto. "Shikamoo. Mama amesema nikuletee. Ulikiacha mtaroni jana." Nilikipokea. Kilikuwa kimeoshwa, na kamba zake zimefungwa vizuri.

Nilikaa kitandani na kile kiatu mapajani kwa muda mrefu. Mama yule alijua nilikoangukia. Mtoto alijua kiatu ni cha nani bila kuuliza. Ploti nzima ilijua, na ilikuwa imejua kwa miaka. Nililewa mbele ya kila mtu, kisha nikavuka jiji zima ili mtu asinione nikijaribu kuacha. Siri niliyokuwa nikiilinda haikuwepo.

Baadaye nilisoma jinsi AA ilivyoanza. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa New York, alikuwa katika hoteli mjini Akron, Ohio, biashara imemwendea vibaya na baa iko palepale. Hakungoja arudi kwao. Alipiga simu kwa makanisa ya mji ule akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akafikishwa kwa daktari wa Akron, Bob Smith. Aliyemsaidia alikuwa yule aliyeweza kumfikia. Mimi huyo nilikuwa naye nyuma ya kanisa.

Alhamisi iliyofuata ile asubuhi ya kiatu nilikwenda ukumbini. Ndani nilimkuta mtu ninayesalimiana naye karibu kila asubuhi. Sitasema ni nani, maana unayemwona pale, habari zake hubaki pale. Hakushtuka. Aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani na kunipisha. "Karibu. Chai bado ina moto." Hofu yangu ya miaka iliishia pale. Anayekuona pale naye amekuja kwa shida ileile.

Ikiwa nawe unatafuta kundi, anza na lililo karibu. Uliza kanisani, msikitini, zahanati, au hapa Kenya piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi. Kama unakunywa kila siku na mikono hutetemeka ukikosa, mwone daktari kabla ya kuacha ghafla, kwa sababu mwili uliozoea pombe unaweza kushikwa na degedege, na hilo huua. Kisha nenda. Usijaribu kikao kimoja ukakata tamaa, vikao havifanani. Chukua namba ya mtu anayeweza kufika kwako kwa miguu.

Leo ni miezi 14. Karo ninailipa kidogo kidogo kwa vibarua. Kazi ile haikurudi. Mke wangu amerudi, na ile risiti bado iko kwenye mkoba wake. Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha tangu saa 10. Nilifika.