Super ama dizeli? Barua kutoka Uingereza kwa watu wa Mumbuni

Gari la Mumbuni likiingia kituo cha mafuta mjini Machakos, dereva hana haja ya kushuka. Anateremsha kioo, mhudumu anasogea na ovaroli yake, na maneno machache yanatosha: "Weka super ya elfu mbili." Mhudumu anarudia kwa sauti, anamwonyesha dereva kwamba mashine inaanzia sufuri, ndipo anachomeka mdomo wa pampu. Watu wawili wameshasikia jina la mafuta kabla ya tone la kwanza kuingia kwenye tangi.

Uingereza hakuna anayesogea. Dereva anashuka mwenyewe, anafungua kifuniko mwenyewe, anachagua pampu mwenyewe, kisha anaingia dukani kulipa. Mbele yake mikono ya pampu imening'inia bega kwa bega, wa kijani ukiwa petroli na mweusi ukiwa dizeli. Ukiubana, tarakimu zinaanza kukimbia, na tangi likijaa unalia tak! na kujifunga. Hakuna sauti ya binadamu katika shughuli nzima. Hapo ndipo watoto wa Machakos wanapokosea mafuta, na wanakosea pamoja na Waingereza wenyewe, waliojijazia mafuta miaka na miaka.

Inafaa watu wa nyumbani waelewe ni dereva wa aina gani anayesimama pale. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya, na Wakenya wengine wengi walifika kwa njia zao kuwatunza wazee. Kazi ya kutunza wazee majumbani ni kazi ya gari: nyumba hii saa moja asubuhi, nyumba ile saa mbili, nyingine ng'ambo ya mji kabla ya chakula cha mchana. Leseni ya Kenya inaruhusiwa kwa miezi 12 tu, baada ya hapo ni mtihani wa Uingereza, wa nadharia na wa barabarani. Kwa hiyo mgeni huyu ana gari la mitumba alilonunua majuzi, ana usingizi wa zamu ya usiku machoni, na nje baridi inauma vidole.

Tena gari lenyewe linaweza kuwa la dizeli bila sura yake kusema lolote. Nyumbani mtu amezoea kwamba gari dogo linakunywa super, na dizeli ni ya lori, ya pikapu, ya basi la kwenda Kitui. Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2001 serikali ilifungamanisha kodi ya magari na kiasi cha kaboni kinachotoka kwenye ekzosi, na kwa kuwa dizeli hutoa kaboni kidogo kuliko petroli kwa kila kilomita, watu waliikimbilia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya dizeli, hata yale madogo ya kupeleka watoto shule. Kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015, ya kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli, ilipunguza hamu hiyo, lakini mengi kati ya magari yale bado yako barabarani, na mgeni mwenye akiba ndogo huyapata kwa bei nafuu.

Kosa lenyewe lina mwelekeo. Mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba, kipenyo chake kama milimita 21. Wa dizeli ni mnene zaidi, milimita 24 hivi. Ule mnene haupenyi kirahisi kwenye shingo ya gari la petroli, dereva anakwama na kushtuka. Lakini ule mwembamba unateleza bila kipingamizi ndani ya magari mengi ya dizeli. Ndiyo maana kosa linalotokea zaidi ni la petroli kuingia penye dizeli, na kwa bahati mbaya ndilo linalogharimu zaidi.

Fundi yeyote wa Machakos anaweza kueleza sababu. Dizeli ina ulaini, na pampu ya injini ya kisasa, inayosukuma mafuta kwa shinikizo linaloweza kupita baa 1,500, hutegemea ulaini huo ili chuma kisisagane na chuma. Petroli huosha ule utelezi wote. Chuma kikianza kusagika, chembe zake husafiri hadi kwenye nozeli za injini na kuzijeruhi, na hapo bili huhesabiwa kwa maelfu ya pauni. Dizeli ikiingia kwenye gari la petroli, madhara kwa kawaida huwa madogo: injini inakohoa, inatoa moshi, inazima, kisha tangi linamwagwa na plagi zinasafishwa.

Wazee waliowahi kuendesha dizeli za zamani watasema petroli kidogo haiui gari, ongeza tu dizeli juu yake. Hawakuzua. Zamani vitabu vya baadhi ya magari ya dizeli viliruhusu kuchanganya petroli kiasi wakati wa baridi kali, ili mafuta yasigande. Pampu za siku zile zilivumilia. Za leo hazivumilii, na ushauri uliookoa gari la babu unaweza kuliua gari la mjukuu.

Kinachoamua hasara ni ufunguo. Mafuta yasiyofaa yakiwa tangini tu, gari limesimama, hakuna kilichoharibika. Kuwasha swichi peke yake, hata injini isipozunguka, mara nyingi huiamsha pampu iliyo ndani ya tangi na kuyavuta mafuta kwenye mabomba. Kwa hiyo gari lisiwashwe kabisa. Litiwe gia huru, lisukumwe kando, mhudumu wa dukani aambiwe. Uingereza kuna mafundi wenye gari maalumu wanaofika hata usiku wa manane, wanafyonza tangi, wanaosha mabomba, na wanadai pauni mia na kitu au mia mbili na kitu. Ni pesa nyingi kwa mtu anayetuma karo nyumbani. Bima nyingi nazo hazilipi kosa la aina hii. Lakini bei hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya kuondoka kituoni ukiomba Mungu. Na wengi huondoka, kwa sababu ya foleni iliyo nyuma na haya ya kuonekana mshamba. Haya hiyo haina maana yoyote, na yeyote mwenye ndugu ughaibuni amwambie hivyo kwa simu leo, kabla hayajamkuta.

Ndugu huyo wa ughaibuni akivuka bahari kwenda kumtembelea dada yake Marekani, mambo yanageuka tena. Huko vituo vingi vimeipa dizeli rangi ya kijani, rangi ileile ambayo Uingereza ni ya petroli. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona hatari ya kutegemea rangi, na tangu Oktoba 2018 pampu na magari mapya hubandikwa alama: duara kwa petroli, mraba kwa dizeli. Alama hizo sasa ziko Uingereza pia. Jimbo la New Jersey halikuona haja ya hayo yote. Tangu mwaka 1949 sheria yake inamkataza dereva kujijazia petroli, na mhudumu angali anasogea dirishani, kama Machakos.

Katika visa vyote vya mafuta kukosewa, kimoja kinastahili kusimuliwa Mumbuni. Bob Hoover, rubani mashuhuri wa maonyesho wa Marekani aliyefariki mwaka 2016, aliruka kutoka San Diego na abiria wawili katika ndege ya injini za petroli. Kijana aliyeijaza aliidhani ni ndege ya aina nyingine inayofanana nayo, akaitia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Injini zote mbili zilizima muda mfupi baada ya kuruka. Hoover aliitua kwenye korongo, ndege ikaharibika, na wote watatu wakatoka hai. Kisha alimwendea yule kijana na kumwambia kwamba kesho yake ataijaza ndege yake nyingine, yeye na si mtu mwingine, kwa kuwa alikuwa na hakika hatarudia kosa lile. Baadaye mdomo wa pampu ya mafuta ya jeti ulitengenezwa mpana na bapa ili usiingie kwenye tangi la petroli, nao hadi leo unaitwa kwa jina la Hoover.

Moyo huo wa kumwamini aliyekosea unahitajika nyumbani, kwa sababu huko nako sasa ni rahisi kukosea. Magari yanayoshuka Mombasa kutoka Japani yamebadilika. Mazda Demio, gari dogo ambalo mhudumu yeyote angelitia super akiwa amefumba macho, lina toleo la dizeli, na pengine maandishi pekee kwenye kifuniko chake ni ya Kijapani. Watoto wa Mumbuni walio Uingereza nao husafirisha magari ya dizeli yenye tangi la pili la AdBlue, maji ya urea yanayosafisha moshi, ambalo kifuniko chake cha buluu mara nyingi kiko kando ya kile cha mafuta. AdBlue ikimiminwa kwenye tangi la dizeli huganda chumvichumvi na kuharibu mfumo mzima.

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya mafuta, hutangaza bei mpya, na Kenya nzima huzungumzia shilingi. Suala la mafuta gani yaingie gari gani halitajwi, limeachiwa mhudumu aliyesimama juani tangu alfajiri, mwenye hofu ya kukatwa mshahara akikosea. Anayetuma gari nyumbani abandike neno DIZELI kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko, ampigie mjomba atakayelipokea Mombasa, na amwambie kila kituo alitaje neno hilo kwa sauti kabla ya kutaja pesa. Na likitokea la kutokea, mwenye gari, mwenye kituo na mhudumu wagawane gharama ya kumwaga tangi, na mhudumu yuleyule aachwe pale pale kwenye pampu yake.