Duisburg, pale idrojeni iliingia katika furu ya chuma

Wewe uliyezoea furu za shaba, Duisburg kule Ujerumani hautajiona mugeni. Katika bustani ya Landschaftspark utapanda ngazi za furu kubwa ya chuma iliyozimwa tangu 1985. Zenye kuwaka bado ziko ku fabrike ya Thyssenkrupp, upande wa muto Rhin.

Ni pale, katika furu namba 9, Novemba 2019, walipuliza idrojeni kwa tundu moja tu kati ya 28. Sababu gani? Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Koki ikiiondoa, inatoka gesi ya kaboniki. Idrojeni ikiiondoa, unatoka mvuke wa maji.

Basi koki iachwe? Hapana. Ndiyo inabeba muzigo wa mawe ndani ya furu na kuacha hewa ipite. Tena idrojeni inakula moto, furu inapoa. Kwa hiyo inasaidia tu.

Luleå, kule Swedeni, walianza 2020 kujaribu furu nyingine, bila koki kabisa. Chuma kinatoka kigumu, chenye vitundu kama sponji, kisha kinangoja kuyeyushwa kwa umeme. Idrojeni yenyewe wanaitoa katika maji kwa umeme pia, mwingi sana. Sisi wa delestaji tunajua neno hilo lina uzito gani.